Kutoka Maishani hadi Kwenye Wimbo: Mwongozo Kamili wa Kutunga kwa Hisia za Kweli

Kwa miaka mingi nimekuwa nikitungia nyimbo kikundi cha taarab hapa Tanga, na mara kwa mara hunijia vijana wenye madaftari mkononi au mashairi ndani ya simu, wakitaka niwaambie kwa nini wimbo walioutunga huku wakilia hauwalizi wengine. Swali hilo naliheshimu sana, kwa sababu kilio chao huwa ni cha kweli. Kijana amefiwa, ameachwa, au amemwona baba yake akidhalilishwa mbele ya watu. Kisha amekaa usiku akaandika kwamba moyo unamuuma, machozi yanamtoka na usingizi hana. Hakuna uongo katika maneno hayo, ila yameshaimbwa na kila mtu, kiasi kwamba msikilizaji huyapokea kama anavyopokea salamu ya njiani: anaitika, anapita.

Mwongozo huu unaeleza njia ninayoifuata ili jambo nililolipitia lifike kwa msikilizaji likiwa bado na joto lake. Nitautumia wimbo wangu mmoja tangu tukio lenyewe hadi jukwaani, ili hatua zionekane zikitendeka. Mahitaji ni machache: daftari, kalamu, simu ya kurekodia sauti, na muda wa majuma kadhaa.

Hatua ya kwanza: anza na tukio, usianze na hisia

Hisia ni pana mno kushikika. Anayesema anataka kutunga wimbo kuhusu mapenzi ya mama bado hana wimbo, kwa sababu hana mahali pa kusimama. Tukio lina saa yake, lina mahali pake, na karibu kila mara lina kitu kinachoweza kuguswa.

Mama yangu alikuwa fundi cherehani, mtaa wa Ngamiani. Mwaka nilioanza sekondari ada haikutimia, naye akaiuza cherehani yake, ile ya kukanyaga kwa miguu, yenye meza ya mbao na vyuma chini. Nilipokuwa mtu mzima nilijaribu mara nyingi kutunga wimbo wa kumshukuru, na kila mara zilinitoka sifa ambazo mtoto yeyote angempa mama yeyote. Wimbo ulikuja siku nilipoacha kumwaza mama nikaiwaza sakafu. Cherehani ilikuwa imesimama kwenye pembe ileile muda mrefu hata miguu yake ikaacha alama nne kwenye saruji. Ilipokwisha kuuzwa, mama aliendelea kufagia kwa kupazunguka mahali hapo, kana kwamba cherehani bado ipo. Hakuwahi kusema neno juu yake. Hapo palikuwa na wimbo, nami nilikuwa nimepita juu yake miaka yote.

Andika matukio matano ya maisha yako, kila moja kwa sentensi moja, na katika kila sentensi kiwemo kitu kimoja kinachoonekana. Kisha chagua lile ambalo kitu chake hukiona mara tu unapofumba macho, hata kama si tukio kubwa kuliko mengine. Mazishi yenyewe mara nyingi ni magumu kuimbwa kuliko viatu vya marehemu vilivyobaki mlangoni baada ya matanga.

Hatua ya pili: simulia kwa nathari, bila neno lolote la hisia

Kabla ya ubeti wowote, jaza ukurasa mzima ukilisimulia tukio hilo kwa lugha ya kawaida, kama unavyomsimulia ndugu aliyekuwa safarini. Weka sharti moja kali: usitumie neno linalotaja hisia. Usiandike huzuni, uchungu, upweke wala furaha. Sharti hili hukera mwanzoni, lakini hukulazimisha kwenda kwenye mikono, sauti, harufu na maneno yaliyosemwa siku ile, na huko ndiko hisia zilikotoka.

Nilipolitii sharti hilo, kalamu ilinirudishia jambo nililokuwa nimelisahau kabisa. Utotoni nilikuwa nikilala kwa mlio wa cherehani. Mama alishona usiku, na mlio ulikuwa na tabia yake: unakimbia kwenye mshono mrefu, unasita kwenye kona ili kitambaa kigeuzwe, kisha unaanza tena taratibu kabla ya kukimbia. Cherehani ilipoondoka, nililala macho usiku mwingi nikisikiliza kimya.

Ukimaliza ukurasa wako, watafute watu wengine waliokuwepo. Dada yangu alikumbuka kwamba cherehani ilichukuliwa kwa mkokoteni, na kwamba mama aliufuata mkokoteni hadi mwisho wa barabara yetu, akiwa na kanga moja tu begani, kisha akasimama. Mimi sikuliona hilo, nilikuwa shuleni. Usiogope kumbukumbu zisipolingana. Ziandike zote, kila moja na jina la aliyeitoa.

Hatua ya tatu: pima umbali kati yako na jeraha

Wapo wanaoamini kwamba wimbo wa kweli ni ule unaotungwa usiku uleule wa msiba. Mimi siamini hivyo, na nimeona waimbaji wakiumia kwa imani hiyo. Jeraha likiwa bichi, mtu hutunga ili apumue, na hilo ni haki yake; lakini kinachotoka huwa ni kilio, na kilio hakimwachii msikilizaji nafasi ya kuingia. Rekodi kila kinachokujia wakati huo, weka na tarehe, ila usikigeuze kuwa wimbo wa kutolewa hadharani.

Kipimo ninachokitumia ni hiki: msimulie mtu unayemwamini kisa chote tangu mwanzo hadi mwisho. Ukijikuta unajitetea, unamshtaki mtu, au unakwepa sehemu fulani, subiri. Ukiweza kukisimulia ukawaona hata wale waliokukosea kama watu wenye sababu zao, uko tayari kutunga.

Hatua ya nne: tafuta kiitikio ambacho mdomo wa mwingine unaweza kukisema

Katika muziki wetu kiitikio ni cha watu wote. Huimbwa na waitikiaji, huimbwa na ukumbi, na kesho huimbwa jikoni na mtu asiyekujua. Kwa hiyo kiitikio ndiyo sehemu ambayo tukio lako hukutana na maisha yake. Ikiwa kimefungwa kwako peke yako, kila mtu atanyamaza kikifika. Ikiwa kimekuwa kipana mno, tunarudi kwenye salamu ya njiani.

Soma ukurasa wako wa nathari kwa sauti na upigie mstari kila sentensi inayokufanya usite. Kwangu ilikuwa ile ya kimya cha usiku. Niliikata na kuigeuza kwa siku kadhaa hadi ikakaa katika mizani, yaani silabi, kumi na sita, nane kwa nane:

Silali kwa kimya chake, mlio ulinilaza.

Neno cherehani halimo, na sikulitoa kwa bahati. Aliyezoea kukohoa kwa babu chumba cha pili, au muungurumo wa mashine ya kusaga iliyofungwa, au sauti ya mtoto aliyeolewa mbali, naye ana kimya chake cha kumkosesha usingizi. Beti ndizo zitakazosema ni kimya cha nini.

Hatua ya tano: jenga beti, na usikubali kina kikushawishi kusema uongo

Hii ndiyo hatua ninayoitilia mkazo kuliko zote, kwa kuwa hapa ndipo ukweli mwingi unapopotelea mikononi mwa watu wanaoijua kazi yao vizuri. Tazama beti mbili zilizotimiza kila moja mizani yake na vina vyake, yaani silabi za mwisho zinazofanana. Ya kwanza ni ile niliyoiandika nikiwa bado naiwaza hisia:

Moyo wangu waumia, machozi yanidondoka,
Mama ninakulilia, usiku naweweseka.

Ya pili ilitoka kwenye ukurasa wa nathari:

Cherehani imekwenda, alama zimebakia,
Mama bado azilinda, kandokando afagia.

Kwa hesabu ya mshairi, zote mbili ni sahihi. Lakini ya kwanza inaweza kuimbwa na mtu ambaye mama yake yuko sebuleni anakunywa chai, ilhali ya pili haiwezi kuimbwa na aliyekuwa hajaiona ile pembe ya chumba. Angalia pia kwamba katika ubeti wa pili hakuna anayelia. Mama anafagia tu, na msikilizaji ndiye anayebaki na kazi ya kuelewa kwa nini anafagia kandokando.

Sasa nikiri jambo. Katika jaribio la katikati, mahali palipo na neno afagia palikuwa na neno akalia. Kina cha -ia ni mlango uliofunguka kwa Kiswahili. Kulia, kuumia, kuvumilia na kusikitikia zote husimama hapo zikisubiri kuchukuliwa. Nilichukua akalia bila kufikiri, na mizani ikakaa. Lakini mama yangu hakulia. Nililijua hilo, na kila nilipoufikia mshororo ule mazoezini sauti yangu ilikuwa ikilegea, kama inavyolegea ya mtu anayesema asichokiamini. Siku nilipoweka afagia, sauti ilikaza yenyewe.

Basi kila mshororo uliotungwa uupitie ukijiuliza: neno hili limekuja kwa sababu lilitokea, au kwa sababu lina kina kinachonifaa? Likiwa limekuja kwa ajili ya kina, libadilishe. Likigoma, badilisha kina cha ubeti mzima. Anayetunga mistari ya kuchana (rap) naye ana mtego huohuo, tena mkubwa zaidi, kwa sababu vina vyake hufuatana kwa kasi na kila kimoja kinadai chakula chake.

Hatua ya sita: acha tuni itoke kwenye maneno, na mapigo yatoke kwenye tukio

Siku hizi watunzi wengi hutumiwa biti, yaani mdundo, iliyokamilika, kisha wanatafuta maneno ya kuijaza. Sipingi kazi ya prodyuza, ila kwa wimbo unaotokana na maisha yako nakushauri uchelewe kuisikiliza biti. Sema kwanza mishororo yako kwa sauti ya mazungumzo, urekodi kwenye simu, uisikilize mara nyingi. Utaona kwamba sauti ya kusema tayari inapanda na kushuka. Tuni iliyo bora mara nyingi ni upanuzi wa kupanda na kushuka huko.

Kiswahili kina mkazo wake, na kwa kawaida hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Tuni ikiuhamisha ovyo, neno hupoteza sura. Neno barabara ni njia ya magari au ni sawasawa kabisa kutegemea mkazo tu. Kurefusha silabi ya mwisho wa mshororo ni desturi ya ghani zetu na halina ubaya, ilimradi mkazo umeshapewa haki yake kabla ya kurefusha.

Mapigo nayo yanaweza kutoka katika tukio. Nilimweleza mpiga ngoma ya dumbaki wetu namna kanyagio la cherehani lilivyokimbia na kusita, nikampigia kwa mguu sakafuni. Alisikiliza kimya, kisha akaupiga mkimbio ule kwenye beti, na kabla ya kiitikio akaacha pigo moja tupu. Pale ndipo kitambaa kinapogeuzwa. Hakuna msikilizaji aliyeambiwa maana ya ule mwanya, lakini kila unapofika watu huinua vichwa.

Pia usiamini kwamba wimbo wa majonzi lazima uende polepole. Remmy Ongala, mwanamuziki wa dansi aliyezaliwa Kindu nchini Kongo mwaka 1947 na kuhamia Dar es Salaam mwaka 1978, alifiwa na wazazi wake wote wawili akiwa bado kijana. Na alipoimba juu ya kifo, aliimba katika muziki wa dansi, watu wakiwa wamesimama na miguu yao ikienda. Kucheza hakukuupunguza uzito wa maneno yake. Pengine ndiko kulikowawezesha watu kuyabeba.

Hatua ya saba: wape wengine haki yao

Maisha yako yana watu ndani yake, na watu hao hawakuomba kuingizwa kwenye wimbo. Kabla ya kuimba hadharani, mwendee kila anayeweza kujitambua. Nilikwenda kwa mama, nikamwamkia, nikakaa mkekani, nikamwimbia bila ala. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniambia, "Mwanangu, imba. Lakini ule ubeti wa aliyeinunua uutoe. Na yeye alikuwa na shida zake."

Nilikuwa nimeweka ubeti mkali juu ya mnunuzi aliyeipata cherehani kwa bei ya kutupa. Nilidhani ndio moyo wa wimbo. Nilipoutoa, niligundua kwamba ule ubeti ulikuwa hasira yangu mimi, na kwamba wimbo wa mama haukuwa na adui ndani yake. Mahali pake niliweka mkokoteni na ile kanga moja begani, kama alivyonisimulia dada yangu, baada ya kumwomba ruhusa naye.

Pale ambapo jambo ni zito mno kusemwa waziwazi, lugha yetu imetupa fumbo. Fumbo lililotungwa vizuri huficha jina na uso, lakini haliufichi uchungu: muhusika anajijua, aliyepatwa na jambo kama lile anajitambua, na wengine wanaburudika kwa lugha. Kijembe cha kumlenga mtu ili aaibike ukumbini ni kazi nyingine, yenye wateja wake, nami siifundishi hapa.

Hatua ya nane: unapoimba maisha ambayo hukuyaishi

Watu huniuliza iwapo mtunzi asiyefiwa anaweza kuimba msiba. Anaweza, kwa sharti la kukaa karibu. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba huko Unguja takriban mwaka 1880 na kuuza vyungu kabla ya kuwa mwimbaji, aliimba kwa Kiswahili visa vya watu wa mjini, na miongoni mwa nyimbo zake umo ule wa kisa cha kweli cha mwanamke aliyeuawa na aliyemuua akatoroka. Hakuwa yeye aliyepatwa na jambo hilo. Lakini alikuwa mwanamke katika mji huohuo, aliyetoka katika umaskini, na alijua namna mwanamke wa hali yake alivyotazamwa mbele ya sheria. Aliingia katika kisa kwa mlango alioujua mwenyewe. Mwaka 1928 sauti yake ilirekodiwa Bombay, na watu wa pwani walijisikia wenyewe katika santuri kwa lugha yao.

Kwa hiyo nenda kwa mwenye tukio, msikilize zaidi ya mara moja, umsaidie hata kazi aliyo nayo mkononi wakati anazungumza. Kisha tafuta katika maisha yako jambo moja, hata dogo, linalogusana na lake, utunge ukiwa umesimama juu ya jambo hilo.

Hatua ya tisa: jifunze kuubeba wimbo bila kuangushwa nao

Mara ya kwanza niliuimba wimbo wa cherehani mbele ya watu, nilifika ubeti wa mkokoteni nikashindwa. Koo lilifunga, ala zikaendelea peke yake, watu wakanionea huruma. Mpiga fidla wetu, mzee aliyenitangulia sana katika kazi hii, aliniita pembeni baadaye na kuniambia kwamba wasikilizaji walikuja na misiba yao wakitaka niwabebee kidogo, badala yake nimewapa wangu waubebe.

Tangu siku hiyo ninafanya mazoezi ya aina mbili. Kwanza nauimba wimbo peke yangu mara nyingi bila kujizuia, nilie nikitaka, hadi mwili uzoee. Kisha nafanya mazoezi ya pumzi: naweka alama kwenye kila mahali pa kuvuta hewa, na kabla ya mshororo mgumu navuta hewa mapema na kuiweka tumboni, si kifuani, kwa sababu kifua ndicho kinachobanwa na kilio. Macho nayaelekeza kwenye kitu kimoja ukumbini. Sitazami uso wa mtu ninayempenda.

Usiogope sauti yenye mikwaruzo. Bi Kidude, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013, aliimba hadi uzeeni kwa sauti iliyochakaa, na mikwaruzo ile ilikuwa sehemu ya habari aliyokuwa akituletea. Studioni, mwombe prodyuza aihifadhi rekodi ya kwanza kabla ya kuanza kusahihisha, na awe mwangalifu na programu ya kunyoosha sauti. Mtetemo mdogo kwenye neno sahihi una thamani kuliko usafi. Mtetemo wa kusudi, ule wa kuigiza kilio, hugundulika upesi, nao huwafukuza watu.

Hatua ya kumi: waulize waliona nini

Wimbo ukiwa tayari, waimbie watu watatu au wanne wasiokijua kisa. Usiwaulize kama wameupenda, kwani heshima itawajibia. Waulize wameona nini. Wakikutajia kitu, wimbo umefika. Wakikuambia tu kwamba ni wimbo wa huzuni, rudi kwenye ukurasa wako wa nathari.

Kwa sisi wa taarab kuna kipimo kingine kilicho wazi zaidi. Msikilizaji akiguswa, huinuka na kuja kumtunza mwimbaji, yaani kumpa fedha, na mwimbaji makini hukumbuka ni mshororo upi uliomwinua. Nilitegemea watu wainuke kwenye kiitikio. Katika harusi moja kule Pangani, bibi mmoja aliinuka kwenye neno afagia, akaja polepole akiwa ameshika fimbo, akaniwekea noti mkononi bila kucheza. Muziki ulipokwisha nilimfuata alipokaa, nikamwamkia na kumuuliza alikuwa ameona nini. Akanijibu kwamba marehemu mumewe alikuwa na baiskeli, na kwamba hadi leo ukutani kuna mstari mweusi wa mpini wake, na wajukuu wakipaka chokaa huwaambia wapaache.

Wimbo wangu haukuwa na baiskeli.